Chakula cha Mchana Buluk

Dada yangu alinitangulia Juba. Alikwenda mara tu watu walipoanza kusema kwamba mkataba wa amani umetiwa sahihi, barabara ya Nimule inapitika, na kule mtu mwenye mikono miwili hakosi la kufanya. Nyumbani, magharibi mwa Kenya, alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka mingi. Alichotaka kilikuwa mkahawa wake mwenyewe: kuta za matofali, sakafu ya saruji, bomba la maji ndani ya jikoni. Aliueleza kama mtu anayeeleza nyumba aliyowahi kuishi.

Mimi nilimfuata baadaye, nikiwa nimemaliza shule na kukaa nyumbani bila kazi. Alinipokea kituoni akiwa na unga kwenye nywele. Hakunikumbatia kwa muda mrefu. Alichukua mfuko wangu, akaniuliza kama mama yu mzima, kisha akaniambia tutembee upesi kwa sababu alikuwa ameacha maharagwe motoni.

Tulikaa mtaa wa Atlabara, katika chumba cha bati kwenye ua wa mama mmoja mzaliwa wa Juba aliyekuwa ameishi Uganda wakati wa vita. Kiswahili chake kilikuwa cha huko, na akikosa neno alilijaza kwa Kiarabu cha Juba. Alimpenda dada yangu. Alikuwa akiwaambia majirani kwamba huyu Mkenya ndiye anayemwamsha jogoo.

Kweli tulikuwa tukiamka kabla ya jogoo. Dada alikanda unga, mimi nikawasha makaa, na kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha kufunga mandazi na chapati kwenye ndoo zenye vifuniko, tukishika njia kwenda Buluk, kwenye ofisi za serikali. Kulikuwa na vumbi jekundu wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha tulivua viatu tukavibeba mkononi. Dada alitaka tufike langoni kabla walinzi hawajanywa chai. Chapati iliyoraruka hakuiuza, tulikula wenyewe. Sufuria aliisugua nje kama ndani. Mara moja nilimuuliza ni nani atakayeangalia sufuria yetu upande wa nje. Aliniambia kwamba siku tutakapokuwa na mkahawa hatutapata muda wa kujifunza usafi, kwa hiyo tujifunze sasa tukiwa wadogo.

Alikuwa na namna hiyo ya kusema, "tukiwa wadogo," naye amekwisha kupita miaka arobaini.

Watu wa Buluk walimzoea. Dereva na mkurugenzi aliwapakulia sawasawa, na kama dereva ndiye aliyefika kwanza, mkurugenzi alingoja. Baada ya muda tukaanza kuwapelekea chakula cha mchana pia: wali, maharagwe, mboga, samaki wa Mto Naili tulipowapata kwa bei nzuri bandarini. Jioni dada aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, akipanga ya kesho kwa sauti. Mama alikuwa akipiga simu kuuliza tutakwenda lini nyumbani. Krismasi ilipofika dada alisema ya mwaka ujao. Mwaka uliofuata akasema vivyo hivyo, na mama hakubishana naye. Alisema tu kwamba amemfugia kuku, na kuku anazeeka.

Kisha ikaja habari ya mkutano. Idara moja pale Buluk ilikuwa ikiwaita watumishi wake kutoka majimbo yote kwa mafunzo ya wiki nzima, na mwanamke aliyesimamia shughuli hiyo, mteja wetu wa chapati, akamwambia dada kwamba tukiwalisha vizuri, idara itampa chumba kilichokuwa wazi nyuma ya ofisi awe na kantini ya kudumu. Chumba kilikuwa cha matofali. Dada alikwenda kukiona, akarudi akanieleza mahali meko yatakapokaa na mahali tutakapotoboa dirisha.

Wiki hiyo ilianza dada akiwa na homa. Niliiona bila kuambiwa na mtu: alijifunga leso mbili na bado alitetemeka mbele ya moto. Nilimwambia akae, nitapika mimi. Alinunua vidonge kwenye duka la dawa, akameza, akaendelea kukata vitunguu. Siku iliyofuata nilimwambia tena, na mama mwenye nyumba naye akamwambia. Alitujibu kwa upole kwamba mwili wake anaujua, ni malaria ya kawaida, na wiki ikiisha atalala siku mbili mfululizo tusimwamshe.

Katikati ya wiki alianza kuongea maneno yasiyoungana. Tulikuwa tunapakia masufuria kwenye gari la kukodi, akaniuliza kama watoto wa shule wamekwisha kupanga foleni. Nikamshika mkono, nikahisi joto lake kupitia nguo. Mama mwenye nyumba akatoka mlangoni, akamtazama usoni.

"Huyu hapana enda Buluk," akasema. "Huyu iko mgonjwa sana. Mimi napeleka yeye hospitali sasa."

Dada akazinduka kidogo. Nilisema nitakwenda nao, chakula tutakipeleka baadaye. Ndipo aliponishika kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Watu wamekaa na njaa," akaniambia. "Wapakulie. Ukimaliza, uje."

Mama mwenye nyumba alinipa ishara ya kichwa niende. Akamfunga dada shuka, akampandisha kwenye gari la jirani, nami nikapanda lile lenye masufuria.

Niliwapakulia. Nakumbuka walikuwa wengi, na walikuwa wachangamfu kwa sababu asubuhi yao ilikuwa imekwenda vizuri. Mzee mmoja kutoka Bahr el Ghazal alirudi na sahani kuomba mboga zaidi, akanisifu kwa Kiarabu, nami nikamshukuru. Mwanamke aliyesimamia shughuli aliuliza dada yuko wapi. Nikamwambia. Akanishika bega, akaniambia niache vyombo, atatafuta mtu wa kuvikusanya.

Nilimkuta dada amelazwa karibu na dirisha, maji ya dripu yakimwingia polepole. Alikuwa ametulia na akili zilikuwa zimemrudia. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi sakafuni akimpepea kwa kipande cha katoni.

"Wameshiba?" dada akauliza.

"Wameshiba. Wengine waliongeza."

"Wali haukushika chini?"

"Haukushika."

Akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo. Baadaye alitaka kujua kama sukari ya kesho inatosha. Nikamwambia inatosha. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho, mazungumzo ya sukari. Alfajiri pumzi yake ilibadilika. Muuguzi alikuja, akaita mwenzake, wakafanya waliyoweza. Jua lilipochomoza dada yangu alikuwa hayupo tena. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa ulikuwa umekaa mwilini muda mrefu kuliko alivyotuambia.

Mama mwenye nyumba alinikalisha kwenye benchi la nje, akarudiarudia "maalesh, binti yangu, maalesh," pole yao ya Kiarabu, mpaka neno likawa kama kubembelezwa.

Tulimrudisha nyumbani kwa barabara: Nimule, Gulu, Kampala, Busia, jeneza limefungwa kwa kamba nyuma ya gari, mimi nimeketi mbele na dereva. Watu wa idara ndio waliochanga mafuta. Katika kila mpaka walitaka kujua marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Nilijibu kwamba alikuwa mpishi.

Mazishini wengi walisimama wakamsifu kwa uchapakazi. Mchungaji aliwaambia vijana waige mfano wake. Mama alisikiliza yote ameinamisha kichwa. Watu walipotawanyika aliniita ndani, akaniuliza kitu kimoja.

"Alikuwa akipumzika lini?"

Nilitaka kumpa jibu. Nilifikiri Jumapili, lakini Jumapili tulikuwa tukichagua maharagwe. Nikafikiri jioni, nikaona ile ndoo iliyopinduliwa na beseni. Nikamwambia alikuwa akipumzika kidogo kidogo. Mama akaitikia kwa kichwa, wala hakuniuliza tena.

Nilirudi Juba. Mama hakunizuia, na mimi mwenyewe sikujua niende wapi kwingine. Yule mwanamke wa idara alikuwa ameniwekea ufunguo wa kile chumba cha matofali. Nilipika humo kwa miaka kadhaa, nikiweka meko pale dada alipotaka na kutoboa dirisha pale alipotaka. Nilifanya kazi kama yeye, labda kumzidi, kwa kuwa nikisimama tu nilianza kulia. Wateja walidhani ni bidii. Wakati watu wa Juba wakipanga foleni ndefu kupiga kura ya kujitenga, nilikuwa nimefungua mkahawa wangu karibu na Atlabara, wenye sakafu ya saruji na bomba la maji jikoni. Wasichana kutoka Kenya walikuwa wakija kuniuliza nimefikaje hapo. Nikawaeleza habari za kuamka mapema na kusugua sufuria, na nikaona wanatazamia neno jingine ambalo sikuwa nalo.

Mama alikuja kuuona mkahawa. Alikuwa hajawahi kuvuka mpaka. Alifika amevimba miguu kwa safari, akala wali na samaki, akamaliza, kisha akaomba nimtembeze. Alishika ukuta kwa kiganja. Alifungua bomba, akatazama maji yakitiririka, akalifunga vizuri. Wahudumu walimsalimia kwa heshima, naye akawauliza wanatoka kwa nani.

Tulipokaa alinisifu. Alisema mahali ni pazuri na pasafi, na Mungu ameona kazi ya mikono yangu. Akatazama meza zilizokuwa zikijaa watu wa chai ya saa kumi.

"Ni pazuri, mwanangu," akasema. "Lakini mimi watoto walionitoka kuja huku walikuwa wawili."

Mhudumu alikuja kuniambia kwamba ninaitwa jikoni. Nilimwambia wafanye wanavyojua, nikabaki nimeshika mkono wa mama juu ya meza, watu wakiingia na kutoka, mpaka chai yetu ikapoa.