Mapera ya Mwaka wa Njaa

Mpera wetu ulikuwa nyuma ya zizi, hapa Karatu, upande wa kuelekea msitu wa Ngorongoro. Haukupandwa na mtu. Uliletwa na ndege, au ng'ombe, maana mbegu ya pera haisagiki tumboni, inatoka kama ilivyoingia. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hilo nilikuwa nalijua. Ndiyo maana naona haya kulisimulia.

Mwaka ule mvua ilikata mahindi yakiwa magotini. Mume wangu akateremka bondeni, Baray, kutafuta kibarua, akaniachia watoto watatu na mama yake. Unga ukaisha, yakabaki mapera. Tulikula mabivu, tukala mabichi, majani tukachemsha tukanywa kama chai. Sukari hata usiulize, miaka ile sukari tulikuwa tunaisikia tu. Wale wakubwa niliwaambia wateme mbegu. Huyu wa mwisho, binti wa miaka mitatu, nilimwacha ameze. Nilijisemea, zimkae tumboni, asilie njaa.

Zikakaa kweli. Siku ya nne hajapata choo, tumbo gumu kama kibuyu, akijikamua anapiga kelele mpaka sauti inakauka.

Mama mkwe akamminya. "Umemziba mtoto, wewe. Hapa ni maji ya sabuni tu, apigwe bomba kwa nyuma. Bua la jani la mpapai la kupitishia maji ninalo. Sabuni unayo?"

Sabuni! Mwaka mzima tulikuwa tunafulia majivu.

Nikambeba mgongoni hadi mjini, kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka. Rafu zake zilikuwa na chumvi na viberiti, basi.

"Shikamoo, mzee. Naomba sabuni, hata kipande."

"Marahaba. Sabuni hakuna, mama."

"Ya kumpiga bomba mtoto. Anakufa."

Akachungulia nje. Siku zile wenye maduka walikuwa wanasakwa, ukikutwa na bidhaa uvunguni unaondoka na polisi. "Nani kakutuma?" akauliza. "Jana alikuja mwingine analia hivyohivyo. Machozi hata mimi ninayo."

Nikamshusha mtoto, nikampandisha gauni. Kisha nikaushika mkono wa yule mzee, mwanamume asiye wangu, mchana kweupe, nikauweka juu ya lile tumbo. Hakuutoa.

"Kala nini huyu?"

"Mapera, na mbegu zake."

"Na wewe mama yake ulikuwa wapi?"

"Mimi ndiye niliyempa."

Akaingia ndani. Akarudi na kipande kimelowa, chembamba kama ukucha, kimenasa unywele mmoja mweupe. "Hii siuzi, ni ya kuogea mimi. Mtu akikuuliza, nilikunyima. Nenda!"

Nyumbani mama mkwe alitia maji mara ya kwanza, hola. Mara ya pili, hola, na kile kipande kimeyeyuka chote. Akayatikisa yaliyobaki akatia tena, mimi nimeshika miguu ya mtoto, nimefumba macho. Nikasikia tu, "Fumbua, mjinga wewe." Mbegu zilikuwa zimegandamana kama kokoto, zina damu.

Alilala mpaka jua likainama. Alipoamka akasema, "Mama, njaa."

Ndani hamkuwa na kitu. Nikaenda nyuma ya zizi, nikachuma pera moja, nikakaa chini na kijiti, nikaanza kuchokoa mbegu moja moja. Mtoto alikuwa amekaa mbele yangu, ameshapanua mdomo.