Mama Mdogo Ukutani

Mpaka rangi mmoja, ambaye mtaani walizoea kumwita Brashi, alikaa nyumba moja na mama mkwe wake kwa miaka bila kujua kama mama huyo anapenda chai ya sukari au kavu, isiyo na sukari. Si kwamba hawakupendana. Waliheshimiana kupita kiasi, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Brashi alitoka alfajiri kwenda saiti na kurudi giza limeingia. Mlangoni aliamkia, "Shikamoo, mama," akajibiwa, "Marahaba, baba, pole na kazi," na mazungumzo yakaishia hapo. Chakula alikula chumbani kwake. Mama akitokea sebuleni, Brashi alikumbuka ghafla kuwa kuna kitu amekisahau nje. Mengine yote yalipitia kwa mkewe, aliyekuwa kama posta kati ya watu wawili wanaoishi chini ya paa moja.

Mkewe alikuwa muuguzi. Korona ilipoingia, hospitali yao ilitenga wodi nzima kwa ajili ya wagonjwa hao, naye akapangiwa humo. Mama yake alikuwa na pumu ya siku nyingi. Muuguzi alipotoka kazini siku hiyo hakukaa kitako, alivuta begi chini ya kitanda akaanza kukunja nguo.

"Nikiwa naenda na kurudi, nitamletea mama ugonjwa," alimwambia mumewe. "Nitalala bweni la wauguzi."

"Mpaka lini?"

"Ningejua ningekwambia."

"Na mimi na mama, humu ndani, sisi wenyewe?"

Mkewe alitabasamu kidogo. "Mtaongea. Hamtakufa."

Neno hilo lilimtoka kwa mazoea, kama watu wanavyolisema kila siku, lakini safari hii lilitua zito. Alifunga zipu ya begi, akambusu binti yao aliyekuwa amelala, akaondoka.

Haukupita muda saiti nayo ikafungwa. Lilikuwa jengo la ofisi, nusu limepigwa rangi, nusu bado saruji tupu. Msimamizi aliwaambia mafundi wachukue makopo yenye mabaki, maana yangegandia pale bila faida. Brashi alirudi nyumbani na makopo yake kwenye toroli: krimu, kijivu, bluu ya milango, na ile nyekundu nzito ya kupakia mabati. Aliyapanga uani, chini ya ukuta wa nyuma. Ukuta huo ulikuwa haujawahi kuonja rangi tangu ujengwe. Majirani walimtania kwa hilo, naye alijibu kuwa mpishi naye huwa anashinda njaa.

Wakabaki watatu: Brashi, mama mkwe, na yule binti mdogo waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mwanzoni Chiriku ndiye aliyerithi kazi ya posta. Jiko lilitenganishwa na sebule kwa pazia tu, na kila neno lilisikika pande zote mbili, lakini mtoto alitumwa vilevile.

"Bibi, baba anauliza chumvi imetosha?"

"Mwambie baba imetosha, ahsante sana."

"Baba, bibi anasema imetosha, lakini amekunja uso."

Kitu kimoja kiliichangamsha nyumba hiyo kila alasiri. Mama alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyeishi mji mwingine, na saa hiyo walipigiana simu. Walikuwa watu wazima wenye wajukuu, lakini wakishika simu walirudi kuwa wasichana. Walibishana nani alivunja mtungi wa mama yao, walisengenya watu, walicheka mpaka mama akalazimika kutafuta dawa yake ya pumu. Brashi aliwasikia kutoka chumbani na kushangaa. Hakuwahi kujua kuwa mama mkwe anaweza kucheka namna ile, kwa kuwa saa ya kicheko chake yeye siku zote alikuwa juu ya ngazi, kwenye ukuta wa mtu mwingine.

Kisha mdogo mtu akaanza kukohoa kwenye simu. "Vumbi tu, dada." Siku nyingine sauti ikawa haitoki vizuri. Mwishowe simu ikawa inapokelewa na mwanawe wa kiume, kwa maneno mafupi: mama yuko hospitali, mama amewekewa oksijeni, tuombe.

Habari ya mwisho haikuja kwenye simu ya mama. Kijana huyo alimpigia Brashi. "Shemeji, mimi siwezi kumwambia mama mkubwa," alisema. "Nakuomba umwambie wewe."

Brashi alisimama nyuma ya pazia. Atamwambiaje kifo mtu ambaye hajawahi kumwambia lolote zaidi ya shikamoo? Hata hivyo alikwenda. Mama alikuwa sebuleni akichambua mchele. Brashi akavuta kigoda, akakaa.

Mama hakunyanyua macho, ila mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Hujawahi kukaa mbele yangu," alisema. "Leo umekaa. Sema tu, baba."

"Mama mdogo ametutoka, mama."

Hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mchele ule mpaka ukaisha, kisha akauchanganya tena na takataka zake na kuanza upya. Brashi alibaki pale pale kwenye kigoda. Hakukumbuka kitu chochote alichokisahau nje.

Barabara zilikuwa zimefungwa. Marehemu alizikwa na watu wa afya waliovaa nguo nyeupe kutoka utosini hadi miguuni, na mwanawe akaruhusiwa kusimama mbali. Majirani walikuja kutoa pole wakiwa nyuma ya uzio, midomo imefunikwa, wakaondoka bila hata kushikana mikono na mfiwa. Hapakuwa na msiba kama watu wanavyoujua msiba. Palikuwa na mama mmoja kwenye kiti uani, ametazama ukuta wa saruji. Alasiri ikifika alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Brashi hakuwa na maneno, alikuwa na mikono. Alianza kuukwangua ukuta, akaziba nyufa, akasugua kwa msasa. Alijiambia kuwa anauandaa tu, basi. Chiriku naye akadai achorewe kitu, akachorewa kuku. Kuku huyo alipata miguu mitatu, maana Brashi alikuwa fundi wa kufunika kuta, si wa kuchora. Tangu ashike brashi alikuwa hajawahi kufanya umbo la kitu chochote.

"Baba," mama alisema siku moja kutoka kwenye kiti, moja kwa moja, bila kumtuma mtoto. "Nimeanza kuipoteza sura yake. Nikifumba macho haji."

Picha iliyokuwepo ni moja tu, ya harusi, na humo marehemu alikuwa amegeuka upande, nusu ya uso imezibwa na kofia ya mgeni.

"Nijaribu, mama?" Brashi aliuliza, na papo hapo akajuta.

"Jaribu."

Alichanganya nyekundu ya mabati na krimu, akatia kijivu, akaongeza nyekundu, akijaribishia kwenye kipande cha mbao mpaka ikapatikana rangi ya ngozi ambayo mama aliikubali. Rangi ilikuwa rahisi. Uso ndio uliomtesa. Alichora, akafuta kwa krimu, akachora tena. Chiriku alisimama nyuma yake, mikono kiunoni.

"Huyu nani?"

"Bibi yako mdogo."

"Mbona kama polisi?"

Kicheko kilimtoka mama kabla hajakizuia, kile kile cha kwenye simu, na katikati yake kikageuka kilio. Alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu msiba. Brashi aliteremka kwenye ngazi asijue pa kuweka mikono yake iliyojaa rangi. Alichuchumaa karibu na kiti, akangoja.

Alipotulia, mama akaanza kusimulia. Alisema mdogo wake alitumia mkono wa kushoto na alipigwa sana shuleni kwa sababu hiyo, lakini hakubadilika. Alitembea kwa haraka kama mtu aliyechelewa, hata alipokuwa haendi popote. Utotoni walitumwa pamoja kuteka maji, na njia nzima mdogo mtu alikuwa mbele. "Nilikuwa namwita, nisubiri! Hasubiri. Anageuza shingo kidogo tu, ananicheka, anaendelea. Mimi ndiye mkubwa, lakini maisha yangu yote nimemwona mgongo."

Brashi alirudi kwenye ngazi. Kisha akachukua krimu, akaufuta uso ule wa polisi, safari hii kwa furaha. Alianza na mgongo. Kichwani alimchora na ndoo ya bluu ya milango, ameishika kwa mkono wa kushoto, gauni limevutwa na upepo wa mwendo, kisigino kimoja kimenyanyuka kutoka ardhini. Kazi hiyo ilimchukua siku nyingi, na mama alikuwa msimamizi mkali. Shingo ndefu mno. Bega lishuke. Kandambili za miguuni, moja ilikuwa imekatika daima. Shingo ilipogeuzwa kidogo, ikaonekana pembe ya shavu na mwanzo wa kicheko, mama akasema, "Acha. Usiongeze kitu."

Jioni hiyo walikula wote watatu uani, sahani mapajani. Ndipo Brashi alipogundua namna jua linavyoteremka kwenye uwanja wake, linavyopita kwanza kwenye kamba ya nguo, kisha ukutani, kisha kwenye nywele za mwanawe. Kumbe nyumba hii ilikuwa na jioni zote hizi.

"Mama," alisema, macho yakiwa kwenye sahani. "Mimi naona aibu. Watu wanakufa, mke wangu yuko wodini, wewe umefiwa. Na mimi moyoni nashukuru kuwa nyumbani."

Mama aliweka sahani chini. "Shukuru tu, mwanangu," alisema. Hakusema baba, alisema mwanangu. "Hakuna aliyekufa kwa sababu wewe ulifurahi. Mimi pia nimepata kujua kuwa mume wa mwanangu ana sauti."

Mkewe alipopata ruhusa ya kupita, hakuingia. Alisimama nyuma ya uzio, barakoa imemchora mistari mashavuni, amekonda. Alimrushia Chiriku busu, akageuka kumwamkia mama yake, na macho yakakutana na ukuta. Akakamata uzio kwa mikono miwili.

"Mama mdogo," alisema. Baadaye akasema, "Wengi nimewashika mikono wakienda. Yeye sikumshika."

"Alishikwa na mtoto wa mtu mwingine," mama akamjibu, "kama wewe ulivyowashika wa wengine."

Wodi ilikuja kupunguza wagonjwa, na muuguzi akarudi nyumbani. Saiti ikafunguliwa, Brashi akarudi kwenye ngazi zake, lakini alimwambia msimamizi wazi kwamba jua likianza kuteremka yeye anashuka. Msimamizi alinung'unika, akazoea. Mama mkwe alikunywa chai kavu, hilo sasa lilijulikana, na ni mkwewe aliyemmiminia.

Barabara zilipofunguliwa, yule mtoto wa marehemu alifika. Alikuwa kijana mrefu, mwenye mwendo wa haraka. Walimkalisha, wakampa maji, wakalia naye kilio kilichocheleweshwa. Halafu mama yake mkubwa akamshika mkono, akampeleka uani.

Kijana alitazama. Hakuuliza ni nani. Alikwenda mpaka karibu, akaweka kiganja kwenye saruji, pale kati ya mabega ya mama yake.

"Siku ya mazishi waliniambia nisisogee," alisema.

Brashi alimchukua Chiriku begani kabla hajafungua mdomo. Wote wakaingia ndani, wakamwachia uwanja.