Bastola Nyepesi ya Virgil Casto

Katika miaka arobaini ya kupiga shabaha, Virgil Casto hakuwahi kushika bastola ya kisasa yenye mwili wa plastiki kwa hiari yake. Alisema ni vitu vya watoto kuchezea bafuni, na rafiki zake kule milimani West Virginia walikuwa wakimchokoza makusudi ili aanze kufoka. Kwa hiyo Alhamisi ile alipotoka dukani na moja mpya kwenye boksi, aliitia chini ya kiti cha gari na kuifunika kwa koti kama mtu aliyeiba.

Sababu ilikuwa mikono. Jumatatu ya wiki hiyo daktari alikuwa ameutaja ugonjwa kwa jina lake: Parkinson. Virgil alikuwa amechimba makaa ya mawe miaka thelathini na mmoja na kutoka mgodini na vidole vyake vyote kumi, jambo ambalo wenzake wengi hawakulipata. Sasa vidole hivyohivyo vilikuwa vikitetemeka hata amekaa kimya, na bastola yake ya chuma ilikuwa ikimwelemea kabla hajailenga vizuri.

Nyumbani aliiweka ile mpya juu ya meza ya jikoni. Nadine, mkewe, akasogeza sufuria ya maharage kumpisha. Virgil aliinyanyua, na mkono ukapaa juu kuliko alivyokusudia, maana mwili ulikuwa umejiandaa kwa uzito ambao haukuwepo. Mpini ulikuwa na vipele vya kushikia, mkavu, wala haukuwa na ule ubaridi wa chuma. Alikoki mara tatu, tupu, akisikiliza. Moyoni alikiri kwamba imetengenezwa vizuri, na kukiri huko kukamuuma.

Kazi ilikuwa kujaza risasi. Springi ya magazini, kile kisanduku cha risasi, ilikuwa ngumu. Risasi ya saba ikamponyoka, ikabingirika hadi chini ya jiko. Nadine alikuwa na vidole gumba vyenye nguvu ya miaka mingi ya kufunga chupa za matunda ya kuhifadhi. Akaichukua magazini, akaijaza yote.

"Si ulisema ni ya kuchezea?" akamuuliza alipomaliza.

"Ndiyo. Na mimi nimekuwa mtoto."

Wakacheka. Kisha Nadine akainuka kwenda kuangalia mkate wa mahindi ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Jumamosi walikwenda uwanja wa shabaha, kwenye machimbo ya mawe ya zamani. Msimamizi alikuwa Dorsey Lilly, aliyeshuka mgodini na Virgil tangu ujana wao. Alipoiona ile bastola aliweka kikombe chake cha kahawa chini taratibu.

"Ndugu yangu, hicho umekitoa kwenye boksi la nafaka za asubuhi, zile zenye zawadi ya mtoto ndani?"

"Bora mimi nimetoa kinachopiga. Wewe una ulichozaliwa nacho tu, na hakipigi."

Virgil alivaa vifuniko vya masikio, akasimama mbele ya shabaha iliyokuwa hatua kumi. Risasi ya kwanza ilimshangaza. Bastola yake ya chuma ilikuwa ikisukuma mkono polepole, kama mtu anayeegemea bega lako. Hii iliruka ghafla, teke fupi na kali. Kifyatulio kilikuwa laini mwanzoni, kikakaza kidogo, kisha kikaachia. Kufikia risasi ya tano alishakielewa. Kumi zote zikaingia karibu na katikati, kwenye eneo lenye ukubwa wa kisosi cha chai. Alivuta harufu ya baruti, akaanza kupiga hesabu ya miaka aliyobakiza ya kupiga shabaha. Mitatu. Labda minne.

Kwenye magazini ya pili mkono ulichoka. Bastola nyepesi hutaka kushikwa kwa nguvu, na kifundo cha mkono wake kililegea. Ganda la risasi likakwama juu, nusu ndani nusu nje. Virgil alitaka kulitoa. Akageuka kidogo kupata mwanga, na mtutu ukageuka naye, ukamwelekea dada mmoja aitwaye Kendra, aliyekuwa amesimama meza ya pili.

Dorsey alimdaka kifundo cha mkono, akausukuma mtutu kuelekea mlimani.

"Virgil. Weka chini."

Aliiweka mezani kwake. Sheria ya pale ni kwamba anayemwelekezea mtu silaha anaondoka bila mjadala, na Virgil mwenyewe ndiye aliyeiandika, alipokuwa mwalimu wa wageni. Alimngoja Dorsey aitamke. Dorsey alikuwa anaitazama ile meza tu.

"Kidole chako hakikuwa kwenye kifyatulio," Dorsey alisema mwishowe. "Nilikiona."

"Wangapi wameniambia hivyo, nikawafukuza?"

Akamwomba Kendra msamaha. Kendra alimjibu kwa upole kwamba haina shida, mzee, hutokea. Lakini Virgil akiwa anakusanya vitu vyake alimwona anahamisha mkoba na risasi zake, anakwenda meza ya mwisho kabisa.

Wiki ile alimpa Dorsey ufunguo wa kabati la silaha. Bunduki zikatoka nyumbani moja moja, hata ile ya kuwindia paa aliyoachiwa na baba yake. Ile ya plastiki peke yake ilibaki, kwa sababu Nadine aliitaka. Alisema mtu wa kumfundisha anaye hapo nyumbani.

Basi ikawa kila Jumamosi Nadine anapiga, Virgil amekaa kitini nyuma yake. Mkewe alikuwa mwanafunzi mzuri. Virgil alimwambia alegeze bega, asiwahishe kidole, asubiri pumzi iishe. Majira ya baridi ya kwanza yakapita hivyo, na ya pili.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, ugonjwa uliifikia sauti. Siku moja Nadine alikosa mara tatu, zote kushoto, na Virgil aliiona sababu waziwazi. Akamwambia. Nadine alisogeza kifuniko kimoja cha sikio, akainama karibu naye. Virgil akarudia, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na ukatoka mnong'ono tu.

Nadine akatikisa kichwa kukubali, akamshika shavu, akarudi mahali pake. Akalenga. Risasi ikaenda kushoto, palepale.