Bafta Chini ya Sweta

Tangu nilipochaguliwa kwenda Uingereza kusomea uuguzi, mama alinifanyia kila kitu cha safari isipokuwa kimoja: hakunipa radhi. Na kwetu Pemba mtu hatoki hata kwenda Unguja bila radhi ya mama, seuze nchi ambayo kibla chake hujui kiko upande gani. Nilipomwomba mara ya kwanza, aliniambia nikafukuze kuku. Nilipomwomba tena, akaniuliza kama nimeshaanua karafuu.

Roho yangu haikukaa. Nilikwenda mjini Chake kuchanjwa ndui, mkono ukavimba kama andazi. Mama akanikanda kwa maji ya uvuguvugu. Nikapigwa picha ya pasipoti, uso na kichwa wazi, mbele ya mwanamume nisiyemjua; mama aliyenisindikiza akageukia ukutani mpaka mwisho. Nami kwa hasira nilikuwa nikisema moyoni, bora anikataze tu nijue moja!

Jirani yetu mmoja, mzee aliyewahi kuwa baharia wa meli za mizigo, akaja kutueleza baridi, na sweta lake la zamani mkononi.

"Huko mtu akisema, moshi humtoka kinywani," akasema. "Avae hili, na soksi avae hata kitandani."

Mama akamuuliza jambo moja tu: huko Waislamu wapo?

"Wapo, Bibi. Lakini si kila mji."

Mama akaguna. Usiku ule hakula.

Asubuhi yake akaniita uani, akaniambia nisimame wima. Akachukua ugwe wa ukindu akanipima toka utosini hadi nyayoni, akazidisha kidogo juu na kidogo chini. Mie mjinga nikafurahi! Nikajua ananishonea koti refu la baridi. Nikamkumbusha kwamba mikono hajaipima.

"Mikono haina haja," akasema, akaukunja ukindu wake akaingia ndani.

Koti sikuliona. Siku ya kuondoka, gari la bandarini Mkoani likisubiriwa, nilifungua sanduku nitie kanga yangu ya mwisho, nikakuta furushi chini ya sweta. Bafta nyeupe, vipande vitano, na pamba, na kafuri kwenye kikaratasi. Mwanamke kwetu husitiriwa kwa vipande vitano. Sikuhitaji kuambiwa.

Lahaula! Nikawaka. "Mama, unanichuria kifo? Mie naenda kusoma, weye unanifungia sanda! Radhi umeninyima, sanda ndiyo umenipa?"

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, wala hakupandisha sauti.

"Ukifa huko watakuvika nini? Gauni? Nani atakayejua la kufanya?" Akaitazama mikono yake. "Ulipozaliwa nilikukosha kwa mikono yangu hii. Sasa likikufika la kukufika siwezi kuvuka bahari nikakukosha tena. Hilo ndilo lililonishinda, mwanangu. Si radhi. Nilipokupima nilikuwa nishakuridhia. Nani ampimaye mwanawe sanda kwa chuki?"

Nikanywea. Nikapiga magoti mbele yake, nikalia kilio cha mtoto mdogo. Akaniwekea mkono kichwani. Nilimuuliza alitoa wapi bafta yote ile, maana ilikuwa nzuri, ya dukani.

"Nilinunua ya watu wawili," akasema. "Yako hiyo. Yangu nimejipima mwenyewe, imo kashani. Nikitangulia mimi, hutakuwapo kunikatia."

Nje honi ikalia, na baharia akaita kwamba gari limefika. Mama akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake.

"Haya, nenda. Radhi zote nilizonazo nimekupa. Lakini hiyo bafta nirejeshee nzima, unasikia?"

Nikaitika. Nikavikunja vile vipande vitano kama alivyokuwa amevikunja yeye, nikavirudisha chini ya sweta, nikafunga sanduku.