Picha ya Mwamba Isiyo na Mtu

Mimi sipigi picha za watu. Kumwambia mtu asimame, asogee, atabasamu, siwezi, sauti hainitoki. Tangu nimalize skuli ya msingi napiga mashamba, njia na maji, kwa simu yangu yenye ufa kwenye kioo. Nikienda Wambaa kwa mama mdogo napiga mikoko. Nikienda Chake Chake napiga mabonde ya mpunga. Nikirudi kwetu Vitongoji napiga pwani. Niliamini kwamba picha isiyo na mtu ndani haiwezi kumdhuru mtu.

Naishi na shangazi yangu, naye huchokoa pweza. Siku za bamvua maji yanapokupwa mbali, wanawake wa kwetu hutembea juu ya mwamba na vijiti vyao wakitafuta mashimo ya pweza. Mwamba hauna mwenyewe. Lakini kila mwanamke ana mashimo anayoyajua, na ni yake kwa muda wote ambao hajamwonyesha mtu. Pweza akitolewa kwenye shimo zuri, baada ya siku huingia mwengine. Shangazi alikuwa na mashimo matano mahali pamoja, aliyoonyeshwa na mama yake. Hayo ndiyo yaliyotulisha.

Mwaka huu goti lilianza kumsumbua, akanichukua nimbebee ndoo.

"Nakuchukua weye kwa kuwa husemi," aliniambia tukiwa njiani. "Nimchukue mwengine, adhuhuri haijaadhiniwa pwani nzima ishajua."

Nilicheka, kwa sababu ni kweli.

Pale kwenye mashimo palikuwa na kidimbwi kimetulia, wingu zima limo ndani yake. Shangazi alikuwa nyuma yangu, mkono umezama shimoni hadi kwenye kiwiko. Mimi niliinama mpaka simu ikakaribia kugusa maji, nikaielekeza nchi kavu, nikapiga. Sijawahi kupata picha nzuri kama ile. Nilipofika nyumbani niliiweka kwenye stetasi.

Chake kuna mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la kusafishia picha. Aliiona, akanipigia simu. "Mwanangu, hii naitoa kubwa niitundike dukani. Watu wajue Pemba ni nzuri." Siku ile sikuweza hata kula vizuri kwa furaha.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuiona. Ilikuwa kubwa kama ubao wa mlango, ukutani nyuma ya kaunta. Wanawake wawili wa kijijini kwetu walikuwa wakisubiri picha zao za kitambulisho. Nilisita mlangoni, hawakuniona.

"Somo, hebu tazama. Si kwetu hapa?"

"Ndipo. Mnara wa msikiti ule."

"Na mnara umegusana na tangi la skuli. Tena ule mnazi uliokatika kichwa umekaa juu ya banda la mwani."

Mwenzake aliegemea kaunta atazame vizuri. "Ati! Basi aliyepiga kasimama pale pale anapopotelea bibi yule kila bamvua."

"Miaka yote anatwambia anakwenda kuokota chaza!"

Wakacheka, wakagongana viganja.

Watu wa kwetu hurudi mahali baharini kwa kupanga alama za nchi kavu, mbili huku na mbili kule. Mtu akisimama zinapopangana, ndipo amefika. Nalijua hilo tangu sijaanza skuli. Na bado nilisimama juu ya mashimo ya shangazi, nikapiga alama zote nne, nikampa mzee azitundike ukutani. Mimi niliona wingu tu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na nia ya kumwambia. Alikuwa akipalia muhogo. Nilisimama mbele yake, akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na keshokutwa.

Bamvua ikafika. Tulipokaribia kidimbwi shangazi alisimama ghafla, nami nikajigonga mgongoni kwake. Wale wanawake wawili walikuwa pale, na wa tatu pamoja nao. Mmoja alikuwa na mtaimbo. Shimo la kwanza lilikuwa limevunjwa mdomo, mawe yake meupe yametapakaa.

"Asalamu alaikum," alisema shangazi.

"Waalaikum salamu, dada. Karibu."

"Mwanikaribisha hapa?"

"Tulidhani umeshapaachia. Picha imetundikwa Chake, kila apitaye anaiona. Nani atatundika siri yake dukani?"

"Picha gani?"

Walinitazama mimi, ambaye kijiji kizima kinanijua kwa kupiga picha.

"Nimeipiga mimi," nilisema. "Shangazi hajui kitu. Na niliwasikia mkisema dukani, nikanyamaza."

"Kumbe anasema huyu!" alisema mwenye mtaimbo, lakini hakuna aliyecheka.

Shangazi aligeuka polepole. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa kofi na mtoto. "Uliwasikia lini?"

"Wiki iliyopita."

"Siku zote hizo tunakula sahani moja?"

Niliihamisha ndoo mkono wa pili.

Mwenye mtaimbo aliinamisha kichwa. "Utusamehe, dada. Lakini tushapaona. Hatuwezi kujifanya hatukupaona."

"Basi weka chini hicho chuma," alisema shangazi. Alipiga goti lake bovu majini, akaanza kurudisha mawe moja moja. "Ukivunja mdomo wa shimo pweza harudi. Utakosa weye, na miye nitakosa. Njoo uone, kijiti kinaingizwa hivi."

Akawafundisha mbele yangu. Mambo ambayo mama yake alimfundisha yeye peke yake, aliyasema yote mpaka maji yalipoanza kujaa. Kisha akaichukua ndoo mkononi mwangu, akaibeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Kesho yake nilikwenda Chake nikamwomba mzee aishushe picha. Alishangaa, akaishusha.

Bamvua iliyofuata shangazi alichukua kijiti na ndoo, akatoka peke yake, akichechemea, akashika upande wa kaskazini ambako sijapata kumwona akienda. Nilimfuata hadi uani, nataka kumuuliza kama goti litaweza.

"Tazama maharage yasiungue," alisema bila kugeuka.

Nikarudi jikoni.