Beringi ya Haima

Marehemu dada yake mke wangu aliacha mtoto mchanga, na mke wangu huyo, Bi Zuwena, ndiye aliyemlea. Mtoto huyo, Shamsa, alikuwa anaolewa Salala, kusini kabisa ya Omani. Ndege mke wangu hapandi. Anasema aliipanda mara moja alipotoka Unguja, yatosha. Kukaa garini muda mrefu nako mgongo haumruhusu. Basi mwanetu Said akatuazima karavani yake, kijumba cha magurudumu chenye kitanda na jiko, nikaifunga nyuma ya pikapu yangu, ili kila baada ya mwendo tusimame mama yake ajinyooshe.

Alkhamisi alfajiri tukatoka kwetu Sib. Hina ilikuwa Ijumaa jioni, na Shamsa alikwisha kusema hatoi mkono kupakwa mpaka mama afike.

Baada ya mji wa Adam milima inakwisha. Inabaki njia iliyonyooka, mchanga, na vibao vya kuonya juu ya ngamia. Hapo mke wangu akasema anasikia kitu kinakoroma nyuma. Nikamwambia ni upepo. Akasema upepo haukoromi kwa mizunguko. Nikaongeza sauti ya redio. Nimekuwa mume wa namna hiyo miaka mingi, na sioni fahari kuliandika hili.

Haima, adhuhuri. Mji wenyewe ni vituo vya mafuta, misikiti, maduka machache, na jangwa kila upande. Nilikuwa nimeupita mara nyingi. Nilikuwa nikijaza mafuta, nikinunua maji, na sikuwa namjua mtu hata mmoja. Safari hii gurudumu la kushoto la karavani lilikataa kwenda mbele, likitoa moshi. Fundi, kijana wa Kibangali, akachomoa beringi iliyosagika akanionesha kiganjani kama daktari anavyoonesha jino alilong'oa. Nyingine ingeletwa kutoka Nizwa, Jumamosi.

Mke wangu akaichukua beringi ile, akaizungusha kidogo, akanirudishia mkononi. Lau angenigombeza ningepata nafuu.

Bedui mmoja wa makamo, Musallam, aliyekuwa hapo akijaza tairi zake upepo, alituona juani akatuchukua nyumbani kwake. Mama yake, bibi mkongwe, akamweka Bi Zuwena kwenye mito. Zikaja tende. Musallam akauliza habari za njia, za mvua, za watu tulikotoka, nami kama ilivyo ada nikajibu kuwa zote njema. Akauliza kama karavani ina shida kubwa. Nikasema ndogo tu, tutaimaliza wenyewe.

Ikaja kahawa. Nikapokea kikombe, nikakiweka chini bila kukionja, maana daktari amenikataza kahawa kwa ajili ya presha na niliona haya kulisema. Musallam akaacha kumimina.

"Kunywa, ami," akasema kwa upole. "Haja yako imeshatimizwa."

Sikuelewa. Mimi mzaliwa wa Unguja, Kiarabu changu cha mjini. Baadaye ndipo nilipoambiwa kuwa kwa watu wa jangwani mgeni akiweka kikombe chini hajakigusa, anasema ana ombi, na mwenyeji humkubalia kabla hajalisikia. Nikajibu haraka kwamba sina haja yoyote. Musallam akainamisha macho kama mtu aliyefungiwa mlango.

"Anayo," akasema mke wangu kwa Kiarabu chake cha kuungaunga. "Ila hajazoea kuomba. Mwanangu anatiwa hina kesho jioni, na mimi niko hapa." Kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Na wewe kinywe hicho kikombe. Presha yako naijua mimi."

Nikanywa. Alasiri Musallam akamleta fundi nyuma ya nyumba, penye tela la tangi analopelekea maji ngamia wake. Beringi zake zilikuwa za kipimo kilekile, akaamuru moja ing'olewe ifungwe kwenye karavani yetu. Nikamuuliza Musallam ngamia watakunywa nini. Akasema atabeba mapipa kwenye pikapu, safari mbili badala ya moja.

"Ngamia wanajua kusubiri," akasema. "Bibi harusi hajui."

Ijumaa, kabla ya magharibi, tukaingia Salala katika manyunyu na ukungu. Shamsa alikuwa amekaa na mikono safi mapajani, wanawake wote wamemnunia. Alimkumbatia mama yake mpaka nikageuza uso. Kisha akaniuliza mimi kama nilimleta kwa punda.

Tuliporudi tulipita Haima na beringi mpya ya tela la Musallam. Fundi alimaliza kazi mapema, lakini mke wangu akataka tulale siku mbili, na safari hii nilimsikiliza. Mama yake Musallam alimkanda mgongo kwa mafuta ya simsim. Mimi nilikwenda kunywesha ngamia.

Nimejifunza uzeeni kwamba ukimkatalia mtu asikusaidie, unamfukuza mlangoni pake mwenyewe. Wangapi nimewafukuza hivyo, sitaki kufikiri sana.

Tangu hapo bibi yule wa Haima alikuwa akimpigia mke wangu simu kila Ijumaa. Wiki iliyopita simu haikulia, na nikamwona Bi Zuwena anaipitiapitia meza yenye simu. Nikampigia Musallam. Mama alikuwa mzima, mafua tu. Tukaulizana habari, zote njema. Kisha nikamwambia, nna haja.

"Imeshatimizwa, ami," akasema, hata sijaitaja.

Nikamwomba waje Sib, yeye na mama yake, wakae mpaka tuwachoke. Bi Zuwena hakungoja nikate simu. Alikwisha kuanza kutoa magodoro juani.