Mlezi na Wembe Wake

Mlezi wa kituo cha yatima nilikokwenda kujitolea, nchi mbili kutoka kwetu, hushona huku akigomba. Sindano ya akiba haimtoki mdomoni, kwa hiyo makemeo yake yote hupita upande mmoja wa midomo. Kila jioni nguo za watoto thelathini hupita mikononi mwake, kwa mishono midogo kama punje za mchele, na hakuna tundu linalolala wazi. Kwa wiki tatu nilimsifu kwa kila aliyenisikiliza. Jumamosi asubuhi wageni wafadhili wakapiga simu kwamba wako njiani. Akaketi kwenye kiti kilekile, akachukua wembe, akaanza kuifumua mishono yake mwenyewe, mmoja mmoja, kwa upole uleule.

“Langu liache, Mama, leo tu,” alisema binti wa miaka sita, amelikumbatia gauni lake mwilini.

“Nakata uzi, mwanangu, kitambaa sikigusi. Jioni nitalishona. Nimewahi kukudanganya?”

Nikamuuliza anafanya nini. Hakuinua macho.

“Dada’angu, siku uliyofika ulilia kwa kuliona kwapa la gauni hilihili. Ukaandika kwenu, mablanketi yakaja. Lingekuwa zima, ungelia?”

Akanisogezea wembe wa pili. “Basi nisaidie huyo, wameshafika getini.”

Binti akanitazama, akatazama wembe, kisha akaja akainua mkono.

“Dada,” akaninong’oneza, “wewe usikate sana.”